Mshono wa Mtu wa Shoto

Mutua, Gitau, na ninyi wengine wa pale kiwandani: tangu nirudi mmeniuliza yaliyonipata Mombasa, na kila mara nimewajibu, "Kulikuwa na joto," nikaendelea kushona magunia. Nasikia mnasema nimeshikwa na maringo. Maringo gani! Jambo lenyewe haliwezi kusemwa mtu akiwa ameshika sindano huku mashine ya kumenya kahawa inapiga kelele. Kwa hiyo nimeandika, na Gitau awasomee wasiojua kusoma. Habari za pasi sitazigusa. Mnajua siku hizi za Hali ya Hatari Mkikuyu hasafiri bila barua ya bwana wa shamba na muhuri wa ofisi, na mimi nilisimama pale ofisini mpaka askari wa mlangoni akaanza kunisalimu kwa jina. Hayo yanatosha.

Ruiru

Mama yangu Nyokabi mnamjua. Mnajua pia kwamba nina kaka, Njuguna, aliyenifundisha kushona magunia kabla hajaenda Mombasa kupakia kahawa bandarini. Alikuwa akituandikia. Hatari ilipoanza barua zikapungua, halafu zikakatika kabisa. Watu wa laini yetu ya nyumba za wafanyakazi walisema amekamatwa, wengine wakasema amekufa, na mmoja, simtaji, alisema amekuwa Mswahili na hataki kutujua.

Mama alipougua kifua mwaka huu aliniita kando ya kitanda chake. "Kang'ethe," akasema, "sikutumi umlete. Mtu mzima haletwi. Nenda uniulizie jambo moja tu. Nimezaliwa?"

Wewe Gitau huhitaji kuelezwa, lakini wengine si wa huku kwetu. Kwetu binti wa kwanza wa mtu hupewa jina la mama ya baba yake. Bibi anakuwa amezaliwa tena angali hai. Na yule baba hamwiti mtoto kwa jina, humwita *maitu*, yaani mama yangu, hata kama ni mtoto wa kunyonya. Basi mama alitaka kujua kama kuna Nyokabi mdogo mahali fulani Mombasa.

"Kama nimezaliwa, hakutusahau," akasema. "Kama sikuzaliwa, niambie ukweli, niache kumngoja. Kungoja kunachosha kuliko kulima."

Mpango ulikuwa mzuri. Mwaniki, mtoto wa jirani yetu, ni mpishi wa Mzungu mmoja huko, naye alikuwa ameandika kwamba anajua wanakokaa watu wa kwetu waliobaki. Angenipokea stesheni Jumanne asubuhi, angenipa pa kulala, angenipeleka. Jumamosi ningerudi, maana pasi yangu ilikuwa inaisha. Mama alinifungia viazi vitamu vya kuchoma kwenye kitambaa. Bwana wa shamba alinipa koti lake kuukuu la kaki, na mimi nikalipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Nililipenda sana koti lile. Likumbukeni, maana ndilo lililoniharibia.

Nairobi, na pale tulipokwama

Kutoka Ruiru mpaka Nairobi sina la kusema, mnapajua. Nairobi nikapanda daraja la tatu la gari la Mombasa, nikakaa karibu na mama mmoja Mtaita aliyebeba kuku ndani ya kikapu. Tulizungumza vizuri sana juu ya kuku yule mpaka aliponiuliza kabila langu. Nikamwambia. Akasema, "Aa," akakihamishia kikapu upande wa pili. Sijui alidhani nitamlisha kuku wake kiapo cha msituni! Nilicheka kidogo wakati huo. Baadaye sikucheka.

Asubuhi, mbele ya Voi, gari lilisimama porini. Mvua ilikuwa imesomba udongo chini ya reli, na tukaambiwa tungoje. Tukangoja mpaka jua likawa utosini, tukangoja mpaka likashuka. Watu waliteremka, wakawasha moto, wakapika chai, wakawa ndugu. Kila kikundi kilikuwa na lugha yake. Nilizunguka nikisikiliza kama kutakuwa na mtu wa kwetu, hakuna hata mmoja. Nilikula viazi vya mama nikiwa nimesimama.

Yule mama Mtaita alinitazama muda mrefu, mwishowe akaniletea chai kwenye kikombe cha bati. "Kunywa tu," akasema. "Shida haina kabila." Nikamshukuru. Lakini hakukaa.

Stesheni ya Mombasa

Tulifika Jumatano badala ya Jumanne. Watu walipokelewa, wakakumbatiwa, wakabebewa mizigo, na pale jukwaani nikabaki mimi na wafagiaji. Mwaniki hakuwapo. Nilikuwa na barua yake yenye jina la mtaa, nikaenda kwa miguu, nikiuliza njia, jasho likinitiririka ndani ya lile koti mpaka viatuni. Ngai wangu, joto lile! Hilo sikuwadanganya.

Kwenye lango la nyumba ya Mzungu nilimkuta mtunza bustani, Mgiriama mwenye ndevu.

"Mwaniki alikungoja jana mchana kutwa," akaniambia. "Leo alfajiri bwana amemchukua Malindi. Watarudi baada ya wiki mbili."

"Aliniachia neno?"

"Alisema, akija mwambie pole."

Hiyo ndiyo ilikuwa hazina yangu yote Mombasa: pole. Nilipata kitanda cha kukodi Majengo, kwa mama mmoja aliyelaza mabaharia na wachukuzi, na kuanzia pale mwongozaji wangu akawa miguu yangu.

Majengo, Makupa, Likoni, na kurudi tena

Nilitembea Jumatano yote iliyobaki na Alhamisi nzima. Mtu asiye na mwenyeji huona mji vizuri kuliko mtu mwenye mwenyeji, kwa sababu hana wa kumtazama usoni. Niliona Makupa, niliona Kilindini na meli ndefu kuliko laini zetu zote zikiwekwa pamoja. Niliona magunia ya kahawa yakipita juu ya malori, mengine yana alama ya shamba letu. Nikaona mshono wangu mwenyewe ukipita, nikataka kuyapungia mkono yale magunia. Ndiyo tu yaliyonijua katika mji ule.

Chakula? Asubuhi nilipewa mahamri na mbaazi zilizopikwa kwa nazi, nikadhani mtu amemwaga maziwa kwa bahati mbaya, nikamwambia mwenye nyumba. Akacheka mpaka akakaa chini. Kila mahali walikaanga samaki, nami mnajua sisi na samaki. Mama yangu akimwona samaki husema, "Ondoa nyoka huyo." Nikaishi kwa muhogo.

Sasa sikilizeni nilivyouliza, mnione mjinga. Sisi watu wa kazi hatuna maneno mengi; unamkuta mtu, unauliza, unajibiwa, unakwenda. Nikawa nafika kwenye baraza ambapo wanaume wamekaa, nasimama mbele yao na koti langu la kaki na viatu vyangu vya ngozi, na kabla hata ya kusema hamjambo, nauliza: "Mnamjua Njuguna wa Kimani? Mkikuyu, alikuwa mpakiaji wa kahawa, ni wa shoto, ana kovu kidevuni." Wakisema hapana, natoa daftari, naandika mtaa huo ili nisiurudie.

Ndiyo. Daftari. Katika miaka hii.

Nilidhani watu wa Mombasa ni wakavu tu. Nikikaribia, mazungumzo yanakufa. Nikiondoka, yanafufuka. Mwanamke mmoja aliniona nikija akawaita watoto ndani, akafunga mlango, nami nikabaki nikiutazama ule mlango wenye nakshi nzuri sana. Alhamisi adhuhuri, karibu na ngome, nilimuuliza muuza kahawa mmoja. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, alikuwa anawachekesha wateja wake. Aliponisikia alifuta vikombe vyake polepole. "Simjui," akasema. Nikaandika daftarini.

Jioni ile nilikwenda mpaka kwenye kivuko cha Likoni, nikakaa kwenye jiwe. Watu walivuka wakienda, watu walivuka wakija, kila mmoja ana anayemwendea. Nilikuwa sijasema neno la lugha yangu tangu Ruiru. Basi nikaisema, peke yangu, kwa sauti ndogo, nikimsimulia mama habari za magunia. Mzee mmoja aliyekuwa karibu akanitazama kama anavyotazamwa mwendawazimu. Nikanyamaza. Niwaambie ukweli, nimewahi kulala na njaa na nimewahi kulala kizuizini siku ya msako, lakini sijawahi kuwa peke yangu namna ile.

Kibokoni, kwa muuza kahawa

Ijumaa asubuhi nilikuwa nimekata tamaa. Nilitembea bila kuuliza, nikipotea kwenye vichochoro vya Kibokoni, mpaka miguu ikanirudisha kwa yule mnene. Jina lake ni Sudi. Nilivua koti kwa sababu ya joto, nikakaa kwenye benchi lake kwa sababu nilichoka.

"Leo huna daftari?" akaniuliza.

"Sina la kuandika."

Akamimina kahawa kutoka kwenye birika lake la shaba, akanipa kikombe kidogo kama ganda la yai. Ninyi mnajua, na hapa naomba msicheke: sisi tumezaliwa ndani ya kahawa. Nimeichuma nikiwa mgongoni mwa mama, nimeimenya, nimeianika, nimeishona. Sikuwa nimeionja hata siku moja. Nani kwetu anakunywa kahawa? Sisi ni chai. Nikapiga funda moja, na uso wangu ukajikunja wote.

"Chungu!" nikasema.

Benchi zima likacheka. "Watoka wapi, weye?" akauliza Sudi.

"Ruiru. Hii kahawa inatoka kwetu. Mimi ndiye ninayeshona magunia yake."

"Wauza usichokijua!" akasema, akacheka tena, lakini macho yake yalikuwa yananipima.

Hapo ndipo nilipotazama chini ya meza yake. Kulikuwa na gunia la makaa, bado halijafunguliwa, na mdomo wake umeshonwa. Mshono ulikuwa umelalia kushoto. Masikio mawili kwenye pembe za mdomo, kila sikio limezungushwa kamba mara tatu na ncha ikafichwa ndani. Nikaacha kikombe.

"Nani ameshona gunia hili?"

Kicheko kikakatika. "Mtu tu," akasema Sudi.

"Bwana Sudi, aliyelishona ni ndugu yangu."

"Askari kanzu wote wana ndugu."

Hĩ! Ndipo nilipojiona kama walivyoniona. Kaki, viatu, daftari, maswali ya kovu kidevuni. Mimi, Kang'ethe, askari kanzu! Siku mbili nzima nilikuwa nikizunguka mji nikiwaonya watu wamfiche kaka yangu.

Ningeapa, lakini nani huamini kiapo cha mpelelezi? Kisha nikakumbuka sindano. Ilikuwa imechomekwa ndani ya ukosi wa koti, mahali ambapo ninyi nyote huchomeka zenu. Kando kulikuwa na gunia jingine lililobaki na makaa nusu, mdomo wazi, na kamba juu yake. Nikalivuta, nikaanza kushona.

Mnakumbuka mlivyokuwa mkinicheka, kwamba nashona kama mtu anayejitazama kwenye kioo? Nilijifunza nikiwa nimekaa mbele ya Njuguna, uso kwa uso. Yeye ni wa shoto, mimi wa kulia. Anakoanzia yeye, mimi naanzia mkono mwingine. Nikamaliza masikio, mara tatu, ncha ndani, nikakata kamba kwa meno.

Sudi alitoka nyuma ya meza. Akalichukua gunia langu, akaliweka mbele ya lile jingine, mdomo kwa mdomo. Mshono mmoja ulilala huku, mwingine kule, sawasawa. Akayatazama moja baada ya jingine.

"La ilaha," akasema. "Hawa wametoka tumbo moja."

Akaketi kwenye benchi karibu nami, yule mtu mnene, akashika kichwa. "Umechelewa, ndugu yangu. Umechelewa siku moja. Jana weye ulipoondoka hapa, mimi mwenyewe nilikwenda nikamwambia, Juma Shoto, watafutwa. Alasiri akavuka Likoni."

Nyumbani kwa Mwanasha

Sudi alinipeleka akiwaachia wateja wajimiminie wenyewe. Njiani alinieleza kwamba Wakikuyu wa bandarini waliposombwa na askari, Njuguna alichukua jina la Juma, akaoa, akawa anashona magunia ya watu mtaani ili asionekane bandarini. Amevuka kwenda upande wa Tanganyika, kwa watu wa mke wake, na hatarudi mpaka apate habari kwamba yule mwenye kaki ameondoka. Yule mwenye kaki, yaani mimi, nililikunja koti nikalitia kwapani.

Mke wake anaitwa Mwanasha, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Sudi alipomweleza, alinitazama mimi, akalitazama koti nililolikunja kwapani, akasema, "Shemeji, karibu." Hakunilaumu hata kidogo. Angenilaumu ingekuwa afadhali.

Alinipakulia wali, na juu ya wali, samaki mzima mwenye macho. "Kakako aliogopa hivyohivyo," akasema. "Sasa hata kichwa hakiachi." Nikala. Nilikula yule samaki kwa sababu kaka yangu amemla, na sijamwambia mama mpaka leo.

Mlangoni alisimama mtoto wa kike, labda wa miaka mitatu, amevimba macho kwa kulia.

"Huyu anaitwa nani?"

"Saumu. Alizaliwa mwezi wa mfungo."

Saumu. Niliweka tonge chini. Basi jibu ndilo hilo, nikajiambia. Nikaanza kupanga nitakavyomwambia mama, neno gani litangulie, na sikupata hata moja. Nikauliza tu, ili nisikae kimya, mtoto analilia nini.

"Tangu jana yuko hivi," akasema Mwanasha. "Amlilia babake. Kila asubuhi babake humwamkia kwa jina lake la pembeni, naye humjibu kwa lugha yenu. Mimi sijui kusema sawasawa, nikijaribu anikataa. Amwita Maitu. Nilimuuliza maana yake, akanambia, hiyo ni siri yangu na yeye. Ndiyo nini, shemeji?"

Nilimgeukia mtoto, nikamuuliza kama hajambo, kama tunavyosema kwetu kila asubuhi, "Maitu, wĩ mwega?"

Aliacha kulia. Akanitazama mdomo kama anatafuta sauti imetoka wapi.

"Ndĩ mwega," akasema, yaani hajambo.

Siku tano sikuwa nimejibiwa kwa lugha yangu. Nilijibiwa na mama yangu, urefu wake mpaka gotini mwangu, amesimama mlangoni Kibokoni. Nililia mbele ya mwanamke wa watu, bila aibu. Mwanasha naye akalia, na mtoto akatushangaa wote wawili. Nilipoweza kusema, nilimweleza siri ile ni nini, na jina la nani limefichwa ndani yake.

Kabla ya kuondoka nilimwomba gunia lolote. Akanipa la maganda ya nazi. Nikalishona mdomo, nikaichomeka sindano yangu kwenye sikio la kulia, nikaiacha pale. "Akirudi mwonyeshe," nikamwambia. "Usimweleze kitu. Atajua ni nani aliyekuwa akimtafuta."

Lile koti la kaki nalo nililiacha. Nilimpa Sudi afutie meza.

Kurudi

Jumamosi nilipanda gari, na mara hii reli haikukatika, ingawa safari hii sikuwa na haraka yoyote. Nilikaa dirishani na karatasi ya halua ambayo Sudi alinilazimisha kuichukua. Hakuna aliyeniuliza kabila, wala sikuzungumza na mtu. Nilikuwa nikifikiria maneno. Habari njema nilikuwa nayo. Lakini nilijua kwamba kama ningekaa kimya Alhamisi ile pale kwa Sudi, kama ningesalimu watu kama watu, kama ningevaa blanketi langu tu, ningekuwa nimemwona Njuguna kwa macho haya.

Mama alikuwa ameketi kitandani, amejifunika shuka. Hakunisalimu hata yeye.

"Nimezaliwa?"

"Umezaliwa, maitu. Una miaka mitatu. Unalia sana."

Alicheka, akakohoa, akacheka tena. Aliniuliza kama mtoto ana pengo la meno ya mbele, nikamwambia bado hayajang'oka. Kisha akauliza, "Na Njuguna ulimwona?"

Hapo nilitaka kudanganya. Nilikuwa nimeshaandaa: yuko safarini kikazi. Lakini alinitazama, na mnajua macho yake. Nikamwambia yote, koti, daftari, Sudi, Likoni. Nikamwambia ni mimi niliyemkimbiza mwanawe. Nikangoja anikaripie.

Alikunja ncha ya shuka, akaikunjua.

"Njuguna ana mama huko," akasema mwishowe. "Simwogopei tena. Lakini wewe, siku zote hizo ukizunguka katika mji wa watu, ulikuwa na nani?"

Tangu nitoke Ruiru hakuna mtu aliyeniuliza hivyo.

"Sikuwa na mtu," nikasema.

Akasogea ukutani, akanipa nafasi nikae kando yake.